Ukipelekwa shambani Timau, uliza maji yanatoka wapi

Kama umesoma shule yoyote hapa Kiwanjani, Isiolo, safari ya somo la kilimo unaijua hata kama basi lake hukulipanda. Barua inaletwa nyumbani, mzazi anasoma kiasi cha mchango, anaguna, anaikunja. Waliolipiwa wanaamka alfajiri, wanapanda mlima kuelekea Timau, na jioni wanarudi na kabeji moja ya zawadi, picha sabini kwenye simu ya mwalimu na ripoti ya kurasa tatu ambayo nusu ya darasa wameinakili kutoka kwa yule mwenye hati nzuri. Wiki inayofuata ripoti zinasahihishwa. Mambo yameisha.

Mimi si adui wa safari hizo. Kwa mtoto wa mjini ambaye sukuma wiki anaijua ikiwa tayari imekatwakatwa na mama mboga, kuona mmea ukiwa na mizizi yake ni jambo kubwa. Tena kilimo sasa si somo la anayependa jembe pekee. Chini ya mtaala wa umilisi, kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi analisoma, awe ni wa familia ya ng'ombe, ya ngamia, ya duka au ya bodaboda.

Ninacholalamikia ni kimoja. Tunapelekwa kuona mboga, lakini maji hatuonyeshwi. Na kwa kijana wa Isiolo, maji ndiyo hadithi yenyewe.

Fikiria njia ambayo basi linapita. Mji wa Isiolo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Basi linatoka hapa kwenye joto, linakunja kona baada ya kona, na chini ya saa mbili umefika mahali palipo zaidi ya mita 2,000, unatafuta sweta. Huo ni upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, nchi ya ngano, viazi, maua, na mashamba makubwa ya mboga za kuuzwa ng'ambo: mishiri, minji ya kuliwa na maganda yake, brokoli. Udongo ni mzuri, baridi inazuia baadhi ya wadudu, na mito inashuka kutoka mlimani. Sasa jiulize mito hiyo inashuka kwenda wapi. Inakuja kwetu. Yote iko katika bonde la Ewaso Ng'iro. Hata mto Isiolo, huu tunaouvuka kila siku bila kuutazama, unatoka mlima huohuo kabla ya kujiunga na ndugu zake. Baada ya hapo Ewaso Ng'iro unakata kati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, unapita Archer's Post, unapakana na Shaba, unashuka Merti na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Yaani ukiwa kwenye lile basi unakwenda juu ya mto wako mwenyewe. Unamtembelea jirani anayekunywa kabla yako.

Huenda hakuna aliyekuambia hivyo. Uliambiwa ubebe daftari na chakula cha mchana.

Ukifika, unakanyaga kwanza dawa kwenye beseni langoni ili usiingize magonjwa. Unaingizwa kwenye kivungulio, joto linakupiga usoni, miwani inapata ukungu, na mtu aliyevaa buti anaanza kueleza. Hapa ni nyanya, zimefungwa kamba ili zipande juu. Hizi karatasi za manjano zenye gundi ni za kunasa wadudu. Huu mpira mweusi wenye vitobo unadondosha maji kwenye shina la kila mmea, tone kwa tone. Anasema mfumo huu unaokoa maji sana kuliko kumwagilia kwa mfereji. Wote mnaandika: "unaokoa maji."

Ni kweli, unaokoa. Lakini hapo ndipo mkono wako unapaswa kuinuka. Mzee, samahani, yale maji yaliyookolewa yalirudi mtoni, au yaliongeza ekari nyingine? Kwa sababu mkulima akigundua kwamba maji yaliyokuwa yakitosha ekari kumi sasa yanaweza kutosha kumi na tano, mara nyingi atalima kumi na tano. Ni biashara, na mimi ningefanya hivyohivyo. Ila mto hautaona tofauti, na aliye chini ya mto hataona tofauti.

Chukua kalamu tupige hesabu ambayo haimo kwenye ripoti. Mboga katika jua la nchi yetu, kwa makadirio ya kawaida, huhitaji maji ya kina cha milimita 4 hadi 5 kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Kwa hiyo hekta moja inakunywa lita 40,000 hadi 50,000 kila siku isiyo na mvua. Gawanya kwa mtungi wa lita 20, ule wa nyumbani kwenu. Ni mitungi 2,000 hadi 2,500. Kwa hekta moja tu, kwa siku moja. Shamba mlilotembelea lilikuwa na hekta ngapi? Na kwenu mfereji ulipokauka mara ya mwisho mlinunua mitungi mingapi?

Silaumu shamba kwa hesabu hiyo. Mmea hauna njia nyingine ya kukua. Isitoshe, sheria iko. Mwenye kuchota maji ya mto kwa ajili ya kilimo cha biashara anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka anayenyunyizia mashamba awe na hifadhi ya siku 90, ili achote wakati wa mafuriko na auachie mto wakati wa kiangazi. Yapo mashamba yaliyochimba mabwawa makubwa na kuvuna mvua kutoka kwenye mapaa ya vivungulio. Ukiwa huko omba kuonyeshwa bwawa. Uliza lina kina gani, lilijaa lini, na linatosha siku ngapi. Mwenye bwawa zuri atafurahi kukuonyesha kuliko unavyodhani, maana wageni wengi humuuliza bei ya nyanya tu.

Wala usidhani ni wakubwa pekee wanaokunywa mto. Pampu ndogo za petroli mia moja, kila moja na shamba lake la nusu ekari la viazi au kitunguu, zinaweza kuvuta maji kuliko shamba moja lenye bwawa na lenye mita ya kupima. Kuna mabomba yaliyofukiwa usiku. Kuna miji inayokua. Vyama vya watumiaji maji, vile ambavyo vinawakutanisha wa juu na wa chini mtoni, vilianzishwa kwa sababu watu walikuwa karibu kupigana, na pengine walipigana. Mwanafunzi akisikiliza mkutano mmoja wa chama kama hicho kwa saa mbili atajifunza kilimo, siasa, jiografia na Kiswahili cha mabishano kwa mpigo.

Halafu kuna jambo la msimu, ambalo kwangu ndilo kubwa na ndilo linalonikera. Wazungu hulima mboga zao wenyewe wakati wa kiangazi chao. Kwao kukiwa na baridi kali, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili, ndipo mishiri ya Kenya inatafutwa sana. Sasa tazama kalenda yetu. Januari na Februari, katikati ya msimu huo wa soko, ni miezi ambayo mvua imeisha na Ewaso Ng'iro umeshuka. Yaani soko linaita kwa sauti kubwa wakati mto una sauti ndogo. Miaka mibaya, maji hukatika kabla ya kufika mbali chini, na wafugaji wanabaki kuchimba mchanga wa mto kwa sururu wakitafuta maji ya mifugo. Kati ya 2020 na 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Katika nyumba nyingi za Kiwanjani huhitaji takwimu hiyo. Kuna mjomba aliyekuja mjini na fimbo bila ng'ombe.

Sisemi ng'ombe walikufa kwa sababu ya mishiri. Walikufa kwa ukame. Nasema mwanafunzi anayetoka nyumba ile, akasimama kwenye chumba baridi cha shamba akiangalia pakiti za mboga zikipangwa, ana haki ya kuziona hizi habari mbili zikiwa pamoja, na kazi ya mwalimu wa kilimo ni kumsaidia kuziunganisha.

Tukiwa bado kwenye chumba hicho cha kupakia: hapo ndipo pana somo la biashara ambalo mitandaoni hulipati. Mtaani tumechoshwa na stori za jaba za jinsi ya kuomoka na ekari moja ya nyanya. Mtu anazidisha idadi ya miche kwa kilo, kilo kwa bei ya juu kabisa ya mwaka, anakupa jibu la mamilioni, na video inaisha. Hesabu hizo hizo zilipigwa kuhusu kware. Unakumbuka 2013 na 2014? Watu walipanga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, mayai yakauzwa kwa bei ya dhahabu, kisha kila mtu akawa muuzaji na mnunuzi hayupo. Waliochelewa kuingia walibaki na vizimba.

Kwenye meza ya kuchagulia mishiri utaona kwa nini hesabu za video haziendi. Mshiri uliopinda unakataliwa. Mrefu kupita kipimo unakatwa au unakataliwa. Wenye doa, vivyo hivyo. Ulitumia maji uleule, mbolea ileile, kibarua yuleyule, lakini pesa haina. Februari 2013, katika makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) pale Gigiri, mawaziri na wajumbe waliandaliwa chakula kilichopikwa kwa mboga za Kenya zilizokataliwa na masoko ya ng'ambo kwa sababu ya sura tu. Walikula wakashiba. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za kuua wadudu, na wakulima wadogo wengi walioshindwa gharama za vipimo na makaratasi wakaachwa nje. Miaka mitatu kabla ya hapo, Aprili 2010, volkano ilipasuka Aisilandi, anga la Ulaya likafungwa kwa siku kadhaa, na maua na mboga zetu zikaozea kwenye maghala. Mlima usioujua jina unapasuka huko, na kibarua wa huku anaambiwa kesho usije.

Hata wadudu wana safari zao. Yule nondo anayetoboa majani na matunda ya nyanya, Tuta absoluta, asili yake ni Amerika Kusini. Alifika Uhispania 2006, akateremka Afrika, na Kenya aliripotiwa 2014, Isiolo yetu ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Watanzania walimpa jina la Kantangaze. Kwa hiyo zile karatasi za manjano zenye gundi ulizopigia picha zina historia inayokuhusu. Hukuambiwa.

Unaweza kuniuliza, mwanafunzi wa miaka 14 atamuuliza meneja maswali haya yote? Si atafukuzwa, na shule isialikwe tena? Walimu wana hofu hiyo, naielewa. Shamba limefungua lango bila malipo, limetoa soda, nawe unaanza kuhoji kibali. Lakini kuna namna ya kuuliza. Heshima yetu inatosha. "Shikamoo mzee, sisi tunatoka chini ya mto, tungependa kujua mnagawana maji namna gani na watu wa kwetu." Hilo si tusi. Mtu mzima atajibu, na asiyejibu naye amejibu. Meneja mwenye akili anajua pia kwamba vijana hawa ndio watakaokuwa majirani wake miaka kumi ijayo, na ni heri wajirani wanaoelewa bomba linavyofanya kazi kuliko wanaosikia tu kwamba huko juu kuna watu wanaiba mto.

Swali lingine la kuuliza ni la nyumbani kabisa. Kiwanjani tunaitwa Kiwanjani kwa sababu ya ndege. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alifungua uwanja wa kisasa hapa, na tuliahidiwa kwamba nyama, miraa na mazao ya eneo hili yatapaa kutoka hapa moja kwa moja. Mboga za Timau bado zinapakiwa kwenye malori na kuteremshwa hadi uwanja wa JKIA, Nairobi. Kwa nini? Muulize anayepakia. Atakwambia kuhusu ndege kubwa za mizigo zinazohitaji njia ndefu kuliko tuliyo nayo, vyumba baridi, wakaguzi wa afya ya mimea, na kwamba ndege haiji kuchukua tani mbili. Majibu yake yatakufundisha kwa nini ua la uwanja wa ndege peke yake halileti kazi mtaani. Kijana wa hapa akilijua hilo hatadanganywa kirahisi kampeni zikija.

Kuhusu ile barua iliyokunjwa, sina maneno mengi. Wasiolipiwa hubaki darasani wakinakili ripoti ya waliokwenda. Hiyo ni aibu ndogo inayoumiza sana, hasa ukiwa na miaka 13. Na haina ulazima. Kandokando ya mto Isiolo, umbali wa kutembea kwa miguu, wapo watu wanaolima sukuma, mchicha na nyanya za kuuza hapa mjini. Hawana kivungulio wala chumba baridi. Wana jembe, mfereji na zamu ya maji. Ukikaa nao asubuhi moja utajua kwa nini bei ya nyanya inapanda mwezi fulani, nani anakuja saa ngapi na mkokoteni, na mtu anafanya nini zamu yake ikifika na maji yasifike. Hiyo ni biashara ya mboga pia, na darasa zima linaweza kwenda bila mchango wa basi.

Na kama basi lipo, kwa nini lipande tu? Literemke pia. Katika maeneo ya Garba Tula na Merti kuna miradi ya kunyunyizia mashamba, Gafarsa, Malka Daka, Rapsu, Merti yenyewe, ambayo mizizi yake ni ya miaka ambayo wazee wetu hawapendi kuisimulia. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na ukame uliofuata viliwaacha wafugaji wengi bila mnyama hata mmoja. Waliambiwa walime. Watu ambao babu zao walimdharau mwenye jembe wakafundishwa mahindi na vitunguu kando ya mto. Wengine walidumu, wengine walinunua mbuzi kwa mavuno ya kwanza na kurudi malishoni. Shamba la huko lina somo ambalo Timau haiwezi kukupa: jinsi ya kuwa wa mwisho kwenye foleni ya maji na bado ukalima.

Basi, mwalimu wa kilimo ukisoma hii, na wewe kiranja wa chama cha vijana wakulima unayepangiwa kazi ya kukusanya mchango, nina ombi la tarehe. Safari nyingi hupangwa mvua ikiwa imenyesha, kila kitu ni kijani na picha zinapendeza. Pangeni Februari. Asubuhi pandeni shambani juu, mishiri ikiwa katika msimu wa soko, muone mabomba yakifanya kazi na muandike kipimo cha bwawa. Siku ya pili teremkeni hadi daraja la Archer's Post, kilomita 35 hivi kutoka mjini, msimame juu yake na mtazame chini. Pimeni upana wa maji kwa kamba. Waulizeni wanaonywesha mifugo hapo yalikuwa mapana kiasi gani wakati huu mwaka jana. Kisha kaeni chini ya mti na muandike ripoti, kila mtu yake.